Nijazie Hili Dumu

Saa mbili na nusu asubuhi, hata kaunta sijamaliza kuifuta vumbi, Bibi akatua dumu mbele yangu.

Dumu la njano la lita ishirini, limechubuka mbavuni, mfuniko wake ulipotea enzi hizo na sasa linazibwa kwa gunzi la muhindi. Lilikuwa tupu. Akalisukuma mpaka likagonga simu zangu za kazi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Nijazie."

Nikadhani anataka mawese. Lakini mawese anauza yeye, mimi nauza salio. Nikamwambia, "Bibi, hapa sina mafuta."

"Nani kataja mafuta? Maji. Juzi nimekupa elfu mbili. Dumu moja hamsini, kwa hiyo ni madumu arobaini. Nimepata mawili, bomba likanikatikia. Bado thelathini na nane. Nijazie hili, nianze kudai thelathini na saba."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Kwamba hela haikai kwangu. Nikibonyeza simu inaingia kwenye mfumo, mfumo ndio unaosoma tokeni yake, kile kidude cha kugusisha pale bombani, na mfumo ukisumbua hatuna la kufanya ila kusubiri.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa sikio zima. Kisha akauliza:

"Huyo Mfumo anakaa wapi?"

Hakuwa anatania. Alikuwa amejifunga kanga ya safari.

Wiki zimepita na swali hilo bado linanikaa kooni kama mfupa wa mgebuka.

## Asilimia yangu

Niseme mapema, kabla hamjanisifu: mimi ni sehemu ya biashara hii. Nina kibanda cha uwakala, natoa na kuweka pesa, nauza vocha, na tangu bomba letu lilipofungwa mashine ya tokeni, nawawekea watu salio la maji. Kila elfu moja inayopita mkononi mwangu inaniachia kitu kidogo. Kidogo kweli, lakini mwezi jana kililipa kodi ya kibanda.

Kijiji sitakitaja. Kiko kando ya ziwa, si mbali sana na Kigoma mjini, na anayetoka huku atakijua kwa maelezo haya tu. Ziwa Tanganyika unaliona ukiwa jikoni, unaliona ukiwa chooni. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akipenda kutuambia kwamba kina chake kinafika mita 1,470, kwamba hakuna ziwa lenye kina zaidi yake duniani ila Baikal, na kwamba karibu sehemu moja kati ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi, ukiacha barafu, iko humo. Alisema hayo huku nusu ya darasa ikiwa haijanawa uso, kwa sababu kutoka shuleni mpaka ziwani ni mteremko wa kukata magoti, na kupanda na ndoo ni habari nyingine.

Kwa hiyo tunaishi juu ya maji na tunanunua maji. Hilo wala halishangazi mtu huku. Maji ya ziwani bila kuchemshwa yana kichocho, yana kuhara, na wenye umri wangu tunakumbuka kipindupindu cha 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa kijiji cha mpakani cha Kagunga na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini. Maji safi yana gharama. Mtu wa huku hahitaji semina kulijua hilo.

Ndiyo maana nilipoona malalamiko yanaanza nilijibu haraka haraka, kama mtu wa ofisini: jamani, maji ya bure hayapo.

Hakuna aliyekuwa ameomba ya bure.

## Foleni isiyo na watu

Siku mbili baada ya Bibi, niliamka nikakuta madumu barabarani.

Yamepangwa mstari mmoja, moja nyuma ya lingine, ya njano, ya bluu, mengine yaliyokuwa ya mafuta ya kula yakiwa bado na nembo. Kila moja na alama ya mwenyewe: kitambaa chekundu kwenye mshikio, herufi mbili za rangi ya kuchoria mitumbwi, tundu lililoyeyushwa kwa msumari wa moto. Niliyahesabu hadi sitini na kitu nikaacha. Watu hakuna. Wanawake walishakwenda mashambani alfajiri, kama siku zote.

Kilichonishtua ni upande ambao foleni ile ilielekea. Bomba liko chini, karibu na zahanati. Kichwa cha foleni kilikuwa mlangoni kwangu. Dumu la kwanza lilikuwa limegusa kizingiti.

Na nyuma ya kaunta, ndani, lilikuwepo lile la Bibi. Aliliacha siku ile akakataa kuondoka nalo.

Bodaboda zilikuwa zinapinda kuikwepa foleni. Mwenyekiti akaja, akasimama, akajikuna kisogo, akauliza nani kiongozi wa jambo hili. Mtoto mmoja akamwonyesha dumu la mbele.

Foleni ilikaa siku nne. Siku zote nne wanawake walichota ziwani, kwa ndoo na masufuria, wakipanda ule mlima ule ule, ili madumu yaendelee kukaa barabarani. Mama wa chapati, ambaye huwa ananipa moja ya bure kila Jumamosi, alipita na ndoo kichwani akanisalimia vizuri kabisa. Chapati hakunipa.

Nilikasirika, nisifiche. Mimi nimefanya nini? Mashine sikuifunga mimi. Mkataba sikuusaini mimi. Kuna mtu huko, yule tunayemwita mwekezaji (kijijini kwetu yeyote mwenye viatu safi na tableti ni mwekezaji), ndiye aliyekabidhiwa bomba aliendeshe. Kwa nini dumu lisiende kugusa mlango wake?

Halafu nikajijibu mwenyewe: mlango upi?

## Bando la usiku

Saa sita usiku bando ni rahisi, na usingizi sina. Nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama kuna mahali watu wengine waligombea maji na ikawaje.

Ukitafuta habari hizo, huna safari ndefu kabla ya kufika Cochabamba, Bolivia. Septemba 1999 serikali iliukabidhi mfumo wa maji wa jiji hilo kwa kampuni iitwayo Aguas del Tunari, ambayo nyuma yake ilikuwapo kampuni kubwa ya Marekani, Bechtel. Mkataba wa miaka 40. Mwezi Januari 2000 ankara zikaja zimepanda. Wapo ambao zilipanda zaidi ya maradufu. Watu wakafunga barabara, wafanyakazi wa viwandani wakiongozwa na Oscar Olivera, aliyekuwa fundi wa kiwanda cha viatu, pamoja na wakulima wa umwagiliaji na wamama wa sokoni. Aprili ikatangazwa hali ya hatari. Kijana wa miaka 17 akapigwa risasi akafa. Tarehe 10 Aprili serikali ikasalimu amri, kampuni ikaondoka.

Kampuni ikafungua madai ya mamilioni ya dola kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Mwaka 2006 ikayaachia kwa malipo ya boliviano mbili. Kama robo dola.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu gizani.

Lakini jambo lililonifanya niweke simu chini na kuikodolea macho dari ni dogo zaidi. Kusini mwa jiji hilo, kwenye vilima ambako bomba la umma halikuwahi kufika, watu walikuwa wamejichimbia visima vyao, wakachangishana mabomba, wakaweka kamati zao. Sheria mpya iliyopitishwa pamoja na mkataba ule iliwatisha kwamba hata visima hivyo vingeingia chini ya mwenye leseni. Yaani mtu anakuja, hajawahi kukuletea hata tone, anakuta kisima chako, anafunga mita.

Nikafikiria pipa la Bibi la kukingia mvua. Nikafikiria mtu anamwambia pipa lile linahitaji kibali. Nikaona kabisa nani angekwenda hospitali.

Usiku ule niliandika aya tatu za makala hii. Kichwa chake kilikuwa "Cochabamba Imefika Kigoma". Zilikuwa aya kali, zenye alama nyingi za mshangao.

Asubuhi nikazifuta.

## Mkokoteni wa baba mdogo

Nilizifuta kwa sababu niliendelea kusoma, na pia kwa sababu nilikumbuka jambo.

Mwaka 2005 nilikuwa nakaa kwa baba mdogo Dar es Salaam, niko darasa la sita. Maji ya jiji yalikuwa yanaendeshwa na City Water: Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani, wakishirikiana na Superdoll ya hapa nyumbani. Walianza Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka kumi, na kubinafsisha maji ya Dar kulikuwa miongoni mwa masharti ya nchi kusamehewa madeni. Mkataba haukufika hata miaka miwili. Mwezi Mei 2005 Edward Lowassa, wakati huo Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, akatangaza kwamba basi. Juni mosi wakubwa watatu wa kampuni wakapandishwa ndege.

Nakumbuka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Baba mdogo aliinuka kwenye kochi, akapiga makofi, akasema, "Waende kwao!" Sisi watoto tukapiga makofi pia, hatujui tunampigia nani.

Kisha akatoka nje kununua maji ya mkokoteni.

Alinunua usiku ule. Akanunua mwezi uliofuata, DAWASCO ya serikali ikiwa imeshashika. Nilipomaliza la saba na kurudi Kigoma nilimwacha bado anamsikilizia muuza maji anavyogonga dumu kwa rungu, kon-kon-kon, mtaa wa pili.

Kampuni ikashtaki, na kesi ikaishia mwaka 2008, kwenye baraza lile lile la usuluhishi. Wasuluhishi wakasema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, ila kampuni haikustahili kulipwa fidia. Tulishinda, kwa namna fulani. Muuza maji hakupata taarifa.

Na Cochabamba? Shirika la umma lilirudi kazini, na familia nyingi za kusini ziliendelea kununua maji ya malori. Miaka na miaka.

Hapo ndipo nilipokwama. Kama kampuni ikiondoka maji hayaji, na kampuni ikibaki maji hayaji, hawa wanawake wamepanga madumu kunidai nini?

## Kamati ilikuwa wezi

Twende kwenye jambo ambalo watu wa kwetu hatupendi kuliandika. Bomba letu lilikuwa la umma, la kijiji kabisa, na tulikuwa na kamati. Kamati ilikuwa wezi.

Si wote. Lakini mweka hazina mmoja aliezeka bati mwaka ule ule ambao mashine ya dizeli ilikosa hela ya kubadilisha nozeli. Kila kaya ilikuwa inatoa mia tano kwa mwezi. Daftari lilikuwapo, lina kurasa zilizochanwa kwa ustadi mkubwa. Mashine ilipokufa kabisa, ilikaa imekufa miezi kumi na minne. Mdogo wangu aliteleza na ndoo kwenye mteremko wa ziwani akavunjika mkono; mpaka leo haunyooki vizuri. Mradi wa sola ulipokuja, na tenki jeupe lililoandikwa MAJI NI UHAI, na huyo mwekezaji wa kuliendesha, mimi nilishangilia. Miezi mitano ya mwanzo maji yalitoka mchana kutwa. Hilo lazima niliseme. Unagusisha tokeni, linasema *tii*, linamimina. Hakuna kupanga foleni nyumba ya mwenye ufunguo, hakuna "leo mwenye ufunguo kaenda msibani".

Kwa hiyo nikachukua shilingi elfu moja na mia tisa kwenye droo yangu, bei ya madumu thelathini na nane, nikamfuata Bibi kwake. Nilitaka yaishe.

Alikuwa anachuja mawese. Hakunyanyua kichwa.

"Hela ya nani hiyo?"

"Yangu, Bibi. Nakurudishia."

"Wewe uliniibia?"

"Hapana."

"Basi iweke mfukoni. Aliyechukua aje yeye aninyooshee mkono."

Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikamwambia ninachofikiri: kwamba kamati ya zamani ilimwibia zaidi, na kwamba mashine angalau haijaezeka bati. Nilijiona nimesema la maana.

Bibi akaweka chujio chini. Akaanza mbali, kama kawaida yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, operesheni ya vijiji ilipoingia mkoa huu mapema kuliko mikoa mingi, waliambiwa bomoeni mkajenge kwenye kijiji kipya, na kijijini mtapata shule, zahanati na maji. Maji yalikuwa bure siku hizo. Serikali ilikuwa imeanza mwaka 1971 mpango wa miaka 20, ili kufika 1991 kila mtu awe na maji safi ndani ya mita 400. Bibi hizo mita 400 alizipima kwa hatua, kutoka mlangoni kwake, mara tu aliposikia. Zinaishia kwenye mchikichi wa jirani. "Kila mwaka natazama mchikichi ule," akasema. "Elfu moja mia tisa tisini na moja ikafika. Bomba halikufika." Kilichofika mwaka huo ni sera ya maji iliyosema sasa tuchangie. Sera ya 2002 ikaja kusema gharama ya kuendesha mradi wa kijiji ibebwe na kijiji.

"Nikachangia," akasema. "Sikukataa kuchangia hata siku moja."

Kisha akafika kwa mweka hazina.

"Yule mwizi namjua. Siku mkanda wa mashine ulipokatika, wakasema hela hakuna, nilimwendea kabla ya adhana. Nikagonga. Akatoka amevaa shuka, mke wake nyuma. Nikamwambia, mbele ya mkeo, mbele ya watoto wako, hela yangu iko wapi? Nikasimama pale mpaka majirani wakatoka. Mchana mkanda ukanunuliwa. Alitoa wapi hela, sijui. Alikuwa na haya, mwanangu. Mwizi, lakini ana haya."

"Haya haitengenezi mashine, Bibi. Mashine ilikufa miezi kumi na minne."

"Haitengenezi. Ila inamnyima mtu usingizi." Akanitazama. "Huyo Mfumo wako analala saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba maji ya kunywa, akanipa ya ziwani, yaliyochemshwa, yenye harufu ya moshi.

## Wa umma asiye na uso

Tangu siku ile naisoma upya kila habari niliyoisoma.

Kuna kesi ya Phiri, Soweto, Afrika Kusini, ambayo nilikuwa nimeipita haraka. Wakazi wa pale walifungiwa mita za kulipia kabla. Maji ya bure ya mwezi, lita 6,000 kwa nyumba, yakiisha, bomba linakauka mpaka ulipie. Wakaandamana, wakaenda mahakamani, 2008 wakashinda Mahakama Kuu, na Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ikawageuzia: mita ni halali. Nilikuwa nimeiweka kwenye fungu la "kampuni dhidi ya wananchi". Niliposoma kwa makini nikakuta waliofunga mita ni Johannesburg Water. Ni mali ya jiji.

Nchi nyingine zimelisogeza jambo hili hadi kwenye kura. Uruguay 2004 waliandika kwenye katiba yao kwamba maji yataendeshwa na umma. Italia 2011 walipiga kura ya maoni, wakakataa ubinafsishaji kwa zaidi ya asilimia 90. Safi sana. Lakini siku hizi nikisoma "umma" najiuliza, umma unaoweza kugongewa mlango kabla ya adhana, au umma wa namba ya huduma kwa wateja?

Na jingine hili linaniuma peke yake. Tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kuhusu kutambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Bolivia ndiyo iliyolipeleka azimio. Nchi 122 zilikubali. Hakuna iliyokataa. Nchi 41 hazikuegemea upande wowote, na Tanzania ilikuwa humo, pamoja na Kenya, Zambia, Marekani na Uingereza.

Nilimsomea Bibi.

"Tulinyamaza?" akauliza.

"Hatukunyamaza, Bibi. Tulijizuia."

"Ndiyo kunyamaza huko."

## Chini ya mwembe

Mkutano wa kijiji uliitishwa Jumapili, madumu yakiwa bado barabarani. Mwenye tableti alikuja na pikipiki. Kijana mdogo, mpole, ana jasho. Nilimwonea huruma, ni mtu wa mshahara tu kama mimi ninavyoishi kwa asilimia, na mkataba hata yeye nadhani hajawahi kuuona.

Akaeleza takwimu. Akaeleza kwamba ukipata tatizo unapiga namba ya bure, utapewa namba ya malalamiko, ndani ya saa 72 utajibiwa.

Mama wa chapati akanyanyua mkono. "Huyo wa kwenye simu anakaa kijiji hiki?"

"Hapana mama, yuko makao makuu."

"Watoto wake wanakunywa maji ya hapa?"

Kijana akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Hakuna mwingine aliyecheka.

Nilitarajia kelele. Nilitarajia mtu aseme mashine ing'olewe, na wavulana wawili nyuma walisema, ila wanawake wenyewe waliwanyamazisha. Walichoomba ni mtu. Mtu mmoja anayelala hapa kijijini, mwenye ufunguo wa kufungulia maji kwa mkono pale mashine inapogoma, na daftari la kuandika nani kachota dumu ngapi mpaka ikae sawa. Bei iwe ile ile hamsini. Hata tokeni ibaki. Mtendaji aliuliza mara mbili kama ni hilo tu, kalamu yake ikiwa hewani.

Kijana akasema atalipeleka juu.

Bibi alikuwa amekaa mkekani mbele kabisa. Serikalini wana msemo wao wa kumtua mama ndoo kichwani, na umeandikwa hata kwenye fulana aliyovaa mtendaji siku ile. Bibi akamnyooshea kidole kifuani. "Ya kwangu imetua," akasema. "Iko kwenye kaunta ya huyu binti. Sasa nani ataijaza?"

Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Nitawaambia nilichohisi, kwa sababu bila hilo makala hii ni uongo. Nilihisi haya. Sikuwa nimeiba kitu. Lakini kati ya wote waliogusa elfu mbili ya Bibi, toka simu yangu mpaka huko ilikokwenda kutua, mimi peke yangu nina mlango hapa. Mimi peke yangu nina jirani wa kaunta ya pili, anayeuza nyanya, wa kusikia nikidaiwa. Wale wanawake walijua vizuri sana foleni inaelekea wapi. Hawakukosea mlango. Walitafuta mtu mwenye haya, wakampata wa karibu.

## Namba kwa rangi nyeupe

Salio la Bibi lilirudi siku ya kumi na tisa, lenyewe, bila maelezo. Akaja kuchukua dumu lake. Alikagua gunzi kama ndilo lile lile.

Kuhusu mtu mwenye ufunguo, huko juu hakujashuka kitu mpaka leo ninapoandika. Kijana wa tableti nimempigia mara nne. Mara mbili alipokea.

Wanawake hawakusubiri. Walimchagua mtu wao, wakanichagua mimi, nisiyekuwepo, kwenye kikao cha vikoba. Nikasema sina ufunguo, nifanye nini? Wakasema andika. Andika kila dumu lililoliwa, tarehe na jina, na uwe unawapigia wewe, wewe unajua kuongea nao. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Nimepiga namba kurasa zote kwa kalamu ya wino, juu kulia, ili nikichana ijulikane.

Jumamosi nilishuka bombani na kopo la rangi nyeupe niliyoomba kwa wapaka mitumbwi. Nikaandika namba yangu ya simu ukutani, chini ya MAJI NI UHAI. Tarakimu ya mwisho ilichuruzika, inafanana na saba na pia moja.

Siku ile ile, saa tano usiku, simu ikaita mara moja ikakatika. Namba siijui. Imebipu. Nikapiga.

"Halo?"

"Halo mwanangu." Sauti ya Bibi, juu sana, kama mtu anayeita ng'ambo ya ziwa. Ameazima simu ya mjukuu.

"Shikamoo Bibi. Maji yamekata?"

"Marahaba. Hapana, yanatoka."

"Kuna nini basi?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kujua tu kama unaamka."